Nyimbo Nilizomchagulia Binti Yangu

Binti yangu aliporudi kutoka Japani, alikosoma miaka minne, alileta mashine ya karaoke yenye maikrofoni mbili, na mchezo ambao mwanzoni niliuona wa kitoto. Mtu akiimba wimbo ambao jina lake linaishia na “ki”, anayefuata lazima atafute wimbo ambao jina lake linaanzia na “ki”. Ni kama sisi tungesema samaki, kisha kitabu, kisha buibui. Tofauti ni kwamba huku lazima uuimbe, walau ubeti mmoja. Ukikosa wimbo, umetoka.

Kijapani sikijui. Lakini silabi zao zinakaa mdomoni kama zetu, kwa hiyo ulimi wangu haukupata taabu sana. Alinifundisha nyimbo saba za taratibu, za watu wa umri wangu, nikaziandika kwenye daftari kama ninavyozisikia. Mmoja ulikuwa wa mtu anayesubiri treni kwenye theluji. Nikiuimba huku nimevaa kikoi, kiyoyozi kinanguruma, nje Hail yote, mtaa wetu hapa Maskati, imejifungia kwa joto.

Mama yake alikuwa ameshafariki, na nyumba ilikuwa kubwa mno kwa watu wawili. Ijumaa baada ya chakula cha mchana ndipo tulipocheza.

“Baba, umekwama!”

“Sijakwama. Nnafikiri.”

“Unafikiri tangu wali ulipokuwa wa moto.”

Baadaye tukawa watatu. Binti yangu alikuwa mkalimani kwenye mtambo wa kusafisha maji ya bahari, na huko alikuwako mhandisi mmoja wa Kijapani. Alikuwa amesilimu kabla sijamjua. Aliswali nami msikiti wetu, alikula pilau kwa mkono, nusu ikimdondokea mapajani, na aliimba kwa sauti ndogo, amefumba macho. Nilimshinda mara nyingi. Nikawahadithia wenzangu msikitini kwamba nimemfunga Mjapani kwa nyimbo za Kijapani, wakacheka, nami nikaona fahari.

Binti yangu aliponiambia kuwa wanataka kuoana, nilisema nimekubali. Nilisema mara mbili.

Kisha akaja binamu yangu, mkubwa wetu katika ukoo.

“Umekubali? Asili yake nani? Babu yake nani? Watu watasema hawa Wazinjibari hata nasaba hawaijui.”

Neno lile, wanalotuitia sisi tuliozaliwa pwani ya Waswahili, lilinipata. Nilipokuja Maskati kijana, wenzangu ofisini walikicheka Kiarabu changu. Waliniuliza kabila langu, nikilitaja wanaangaliana. Mmoja aliniuliza kama mama yangu naye ni wa kabila hilo, akasubiri jibu. Niliapa siku ile kwamba nyumbani kwangu mtu hataulizwa hivyo. Lakini nilikuwa nimeshafika mbali, watu wananiinukia nikiingia, na niliogopa kurudi kwenye kiti kile cha kuchekwa. Sina maelezo mengine. Niliogopa.

Ningeweza kumtuma binamu. Ningeweza kuandika barua. Badala yake nilimwita yule bwana mhandisi sebuleni, nikamkalisha, na kwa kuwa hakujua lugha yangu wala mimi yake, nikamwita binti yangu atafsiri.

“Mwambie haiwezekani. Mwambie kwetu ndoa ni watu na asili yao.”

Aliniangalia. “Baba, nimwambie mimi?”

“Nani mwengine anayejua lugha yake?”

Akamwambia. Alitumia sauti yake ya kazini, iliyonyooka, bila kuruka kitu. Nilijua hakuruka kwa sababu niliona uso wa yule bwana ukibadilika palepale nilipotarajia. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Akajibu maneno marefu, akimtazama yeye, si mimi.

“Anasemaje?”

“Anashukuru kwa chakula chote alichokula nyumbani kwetu.”

Jibu lilikuwa refu kuliko hilo. Sikuuliza tena, na mpaka leo sijui.

Mkataba wake ulipokwisha aliondoka Omani. Binti yangu alibaki. Hakupiga kelele, hakuninunia. Kila asubuhi alibusu mkono wangu, akaniletea chai, na kwa daktari alinipeleka yeye. Mashine aliifungia kabatini. Binamu alileta wachumba wenye nasaba, wawili akawakataa kwa adabu, wa tatu hakuja. Ikapita miaka tisa. Binamu ameshakufa, Mungu amrehemu. Angekuwa hai nisingemlaumu. Mdomo uliosema ulikuwa wangu.

Mwaka jana nililifungua lile daftari. Nikaziangalia nyimbo zangu saba, silabi saba tu za kuanzia, nikashangaa nilivyoweza kucheza saa nzima kila Ijumaa. Nikaanza kukumbuka. Kila zamu iliponifikia, silabi niliyoachiwa ilikuwa moja ya zile saba. Nilipokuwa nimeshaimba zote, binti yangu alisema sheria inaruhusu kurudia. Walikuwa wakinichagulia. Yule bwana, aliyekuwa na nyimbo maelfu kichwani, aliziacha alizozipenda akatafuta ile itakayonipa mimi pa kushika. Nami nikaenda kujisifu msikitini.

Mashine ilikuwa imeharibika kwa kukaa kabatini, nikaipeleka kwa fundi mtaa wa Hamriya. “Mzee, nunua mpya,” aliniambia. Nikamwambia atengeneze hiyohiyo. Kisha miezi minane nilisikiliza nyimbo za Kijapani kwenye simu, binti yangu akiwa kazini. Niliandika jina la kila wimbo, silabi ya mwanzo huku, ya mwisho kule. Majina yanayoishia na “n” tupu niliyaacha, kwani kwa Kijapani hakuna jina linaloanzia hapo na mchezo hufa. Nilichagua arubaini, kila mmoja nikihakikisha unamwachia silabi ya wimbo alioupenda. Nyimbo alizokuwa akiimba na yule bwana sikuziweka. Nilidhani ninamhurumia.

Ijumaa moja, alipokuwa akiondoa sahani, niliiwasha mashine nikaimba. Pumzi ilinikatika katikati, lakini nilifika mwisho. Alisikiliza amesimama, sahani mkononi.

“Umejifunza lini huu?”

“Kidogo kidogo. Haya, zamu yako, mwanangu. Nimekuachia nyepesi.”

Aliweka sahani chini, akalichukua daftari, akapekua ukurasa baada ya ukurasa. Alisoma polepole, kidole kikishuka.

“Zake hazimo.”

“Niliogopa zitakuumiza.”

Alilifunga.

“Baba, mimi nna miaka arubaini na tatu. Usinichagulie tena. Hata wimbo.”

Hakusema kwa hasira. Nilikuwa na maneno ya miaka tisa ya kumwambia, nikapata moja.

“Nisamehe.”

“Nilishakusamehe zamani, baba. Kuimba ndiko siwezi.”

Akabusu mkono wangu, akachukua sahani zake akaenda jikoni. Nikasikia anafungua maji. Niliizima mashine nikamfuata, nikatwaa kitambaa, nikaanza kufuta vyombo anavyosuuza. Hakunikataza. Alikuwa akinipa kimoja kimoja, bila kugeuka.