Swali la Kisima cha Mwankoko

Wapo watakaosema nilikuwa nimelewa. Sinywi, muulize mtu yeyote wa Mwankoko. Wapo watakaosema nimetunga ili nipate wateja. Wateja nilikuwa nao, na baada ya jambo hili nilipoteza nusu yao. Kwa hiyo nisikilize kwanza, halafu uniite mwongo ukitaka. Nilimwona kwa macho haya, na kidevu chake nilikishika kwa mkono huu.

Mimi ni kinyozi. Mlangoni pa saluni yangu niliweka ubao mdogo, na kila asubuhi niliandika swali moja chini ya maneno "Siku kama ya leo". Mambo yenyewe niliyatoa kwenye simu: nchi ipi ilipata uhuru, nani alikanyaga mwezi kwanza, mfalme gani aliondolewa madarakani. Atakayejibu wa kwanza ananyolewa ndevu bure. Watu walilipenda swali kuliko kunyoa kwenyewe. Wazee walibishana na bodaboda, bodaboda wakabishana na walimu, na mimi naendelea na mashine yangu.

Jioni moja ya kiangazi akaja Elia, mwenye fremu ya duka niliyopanga.

"Kila siku mambo ya Ulaya," akasema. "Sisi hatuna historia? Kesho ndiyo siku babu yangu Hango alipofikia maji kwenye kisima chetu. Ukoo mzima tunaikumbuka. Iandike hiyo."

Asubuhi yake nikaandika: "Siku kama ya leo, nani alichimba kisima cha Mwankoko?" Hata sijamaliza kuweka alama ya kuuliza, mtu ameshajibu. Mzee Hango. Nani asiyejua?

Magharibi nikafunga mlango kwa komeo ili nifagie, maana upepo wa huku wakati ule unarudisha ndani kila unachotoa. Nimeinama na ufagio, nikasikia mtu nyuma yangu:

"Nimekuja kujibu swali."

Nikageuka. Kijana wa kama miaka ishirini na tano amekaa kwenye kiti changu. Nikadhani komeo sikulibana vizuri. Wewe ungedhani nini?

"Umechelewa," nikamwambia. "Limejibiwa tangu asubuhi."

"Wote wamekosea. Kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza. Ninyoe."

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Nikacheka, nikamfunga kitambaa shingoni, nikashika kidevu chake ili nianze. Niamini, mkono ulitaka kurudi wenyewe. Alikuwa baridi kama jiwe lililotolewa chini sasa hivi, na ndevu zake zilikuwa na udongo mbichi. Udongo mbichi, kiangazi kile, wakati hata majani ya kuku kudonoa hayapo!

"Kazi ya kisima tuliianza wawili," akasema. "Hango na mimi. Mimi ni Sungi, wa nyumba ya Muna. Shimo la kwanza si hilo mnamochota maji. Liko hatua ishirini kutoka hapo, kwenye rundo la mawe. Mimi nilikuwa chini, Hango juu ameshika kamba. Udongo ukaporomoka, akaiachia."

Nilikuwa namnyoa huku nasikiliza. Ndevu zilikuwa zinakatika, nazisikia kwenye wembe, lakini juu ya kitambaa cheupe hapakuwa na hata unywele mmoja.

"Simlaumu kwa kuiachia," akaendelea. "Angeshuka na yeye. Namlaumu kwa alichosema alipofika nyumbani."

"Alisemaje?" nikamuuliza.

"Kwamba nimetorokea Tanga, kwenye mkonge. Ninyi mnauliza kila siku nani alifanya nini. Basi andikeni na jina langu."

Nikageuka kusuuza wembe. Niliporudi, kiti kitupu. Kitambaa kilikuwa kimelala kwenye kiti, fundo lake bado limefungwa, duara la shingo liko vilevile. Chini yake kulikuwa na udongo uliolowa. Nikaenda mlangoni. Komeo limebanwa.

Sikulala. Asubuhi nikaenda kwa Bibi Salome, maana ndiye mzee pekee wa nyumba ya Muna aliyebaki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekauka?"

"Bibi, Sungi ni nani?"

Alikuwa anapepeta uwele. Ungo ukamtoka mikononi, uwele wote chini. "Nani amekutajia kaka yangu?" akasema. "Jina hilo baba alikataza lisitajwe. Kaka alituachia aibu. Shuleni waliniita dada wa mtoro. Hata nilipochumbiwa waliuliza kama na mimi nitakimbia."

Nikamweleza yote. Hakulia mara moja. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama kaka yake ana njaa. Nikasema sikuona dalili ya njaa. Ndipo akalia.

Nilirudi saluni nikaandika kwa chaki kubwa: "Jibu sahihi la jana: Hango na Sungi wa Muna. Sungi hakutoroka. Amelala chini ya rundo la mawe." Kabla ya saa nne Elia alikuwa mlangoni.

"Futa."

"Sifuti."

"Ushahidi uko wapi? Una karatasi?"

"Na wewe unayo ya babu yako?"

Akaelekeza kidole ndani. "Hii fremu ni yangu. Futa, au toa vitu vyako."

Nikashika kiti nikakitoa nje. Nikarudi nikatoa kioo. Watu walisimama kutazama, na hakuna aliyenisaidia, sikufichi. Ubao nilitoka nao mwisho, nimeushika maneno yakiwa mbele ili kila mtu asome.

Sasa nanyoa chini ya turubai ng'ambo ya barabara. Ukoo wa Hango hauleti kichwa kwangu, na si wao peke yao. Kila mwaka tarehe ile naandika swali lilelile na jibu lake, wanakuja kufuta, naandika tena. Chaki ninayo. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, vilivyoshika kidevu kile, havijapata joto mpaka leo. Wateja wanashtuka nikiwagusa shingoni. Bibi Salome huenda kwenye mawe kila Jumapili baada ya ibada, anakaa, anazungumza na kaka yake Kinyaturu kwa sauti bila kumwonea mtu haya. Amewakatalia wanaomwambia anyamaze, na mimi nimewakatalia.

Na wewe unayenisikiliza, ukiulizwa habari za mtu ambaye hukuona alipoishia, sema hujui. Usimwite mtoro, usimwite mlevi, usijaze jibu kwa sababu kila mtu analisema. Mwenyewe anaweza kuja kukusahihisha, na komeo lako halitamzuia.