Bouton ya majivu ilinipandisha ku kilima

Bandugu, leo nimepanda kilima na ordinateur, kompyuta yangu, mukononi, sababu ya bouton, kitufe moja tu!

Asubuhi nafungua site yenye tunawekaka code yetu. Bouton ya kutuma kazi iko rangi ya majivu.
Nafinya. Kimya.
Nafinya tena. Kimya.

Mi nikajua ni réseau, internet imekatika. Hapa Kolwezi, kila shida ni réseau.
Nikapanda juu ya kilima ya bulongo, udongo yenye mugodi inatupaka. Jua kali, mi nafinya tu.

Nikamupigia Mama Nadège, chef wetu.
«Mama, réseau imekufa!»
«Hapana, tata. Mi njo nilifunga hiyo bouton jana. Tunahamisha code.»
«Na haukuandika hata neno moja?!»
Akaniuliza:
«Na weye? Application yako ya mulongo, foleni ya makamyo ku Fungurume, yenye machauffeur banachukuliaka nafasi: mulongo ikijaa, bouton inazima. Uliandika nini?»

Sikuandika kitu.

Juzi chauffeur mumoja, Tata Ilunga, alifinya ile bouton asubuhi nzima, akapanda mpaka juu ya kamyo kutafuta réseau. Nilimucheka mbele ya benzake.

Nimeshuka. Chini ya ile bouton ya makamyo nimeandika, moja kwa moja ku serveur: «Mulongo imejaa. Rudi saa nane.»

Sasa hivi Tata Ilunga ananipigia: «Leo bouton inasema! Ile siku juu ya nini ulinicheka?»

Munisaidie, namujibu nini?