Miti ya Mtaro Kwenye Harusi ya Uwineza

Daphrose alijua tangu zamani kwamba Munyaneza ni mtu wa kuchukua kisicho chake. Lakini kwamba angechukua hata miti inayozuia ardhi isimmeze mtu, hilo alilijua asubuhi ya harusi ya binti yao.

Mtaro wa kulaza bomba la maji machafu ulikatiza mtaa wa Biryogo mbele ya ua wa harusi, na kina chake kilimzidi mtu mzima aliyesimama. Munyaneza ndiye aliyekuwa kapita wa kazi, msimamizi wa wachimbaji. Alikuwa amemfukuza Daphrose kwa kosa la kumzalia mtoto mmoja tu, akaoa mwingine. Kisha, ili majirani wasimseme, akampa kazi ya kuteka maji ya mtaro. Pale ardhi hutoa chemchemi kama jasho. Upande wa bondeni walichimba shimo dogo maji yakusanyike humo, na Daphrose akashinda ukingoni akiyavuta kwa ndoo na kamba, wachimbaji wasisimame kwenye tope.

Munyaneza naye apewe haki yake: kazi aliijua. Kuta zote mbili alizivalisha mbao, na katikati akakaza miti ya mikaratusi, kuta zisije zikakutana. "Mti hautoki mpaka udongo urudi!" alikuwa akinguruma, na aliyeugusa alishinda akitukanwa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, masika, vita vikiwa kaskazini, wakati watu walipozishikilia harusi kama mtu anavyoshikilia kofia kwenye upepo. Wakwe walikuwa wanatoka kilima cha Rebero, na mtaro ulikata njia. Je, mama mkwe aruke shimo kama mbuzi? Ndiyo maana Nsengiyumva, mdogo wake Daphrose, ambaye ndiye aliyempa dada yake chumba siku ile ya kufukuzwa, alishuka mtaroni mapema kuunga bomba la mwisho ili mtaro ufukiwe.

Daphrose alifunga kitenge chake kipya magotini, akavuta ndoo. Maji yalitoka mekundu, mazito, yamejaa mchanga. Jana yalikuwa maangavu! Maji ya namna ile yanakula udongo nyuma ya mbao. Akainama kutazama: miti ya katikati haikuwepo, na ukingoni ufa ulikuwa umepita, mwembamba kama uzi.

"Nsengiyumva! Panda juu!"

"Dada, kimebaki kiungo kimoja. Shemeji kaiazima tu miti, kasimamishia kibanda cha harusi. Anasema ardhi imeshakauka."

"Panda, nakwambia!"

"Nakuja, nakuja." Wala hakuja.

Daphrose alikimbia na ndoo yake hadi uani. Kibanda kilikuwa kirefu kuliko nyumba, turubai limekazwa juu ya miti ileile. Munyaneza, kwa koti na tai, alikuwa akiwaonyesha wageni kazi yake.

"Baba Uwineza, rudisha miti. Maji yamegeuka rangi."

"Mmemsikia?" Munyaneza aliwaambia wageni. "Mke aliyeachwa! Hata siku ya mwanawe anakionea wivu kivuli cha kibanda changu."

Wakacheka. Kilichomchoma ni kwamba hawakukosea sana. Usiku kucha alikuwa ameomba kibanda kile alichojitapia Munyaneza kianguke. Sasa nani angemwamini?

"Si ni wewe uliyesema mti hautoki mpaka udongo urudi? Umesahau, au tai imekubana mishipa ya akili?"

Kicheko kikahamia upande wake. Daphrose akamimina ndoo yote juu ya viatu vya Munyaneza. Maji yakakimbia, mchanga ukabaki. Munyaneza aliutazama ule mchanga, uso ukamfifia. Alielewa. Lakini wageni walikuwa wakimtazama, akainama kupangusa viatu.

Uwineza akatoka chumbani na shanga zake kichwani. "Mama, mjomba yuko chini?"

"Yuko."

Hakuuliza la pili. Alikumbatia mti wa kwanza, akautikisa.

"Yewe! Bibi harusi anabomoa kibanda chake!" mgeni mmoja alipiga kelele.

Vijana wakarukia miti mingine kwa mbinja na vifijo, turubai likawafunika wazee na vyungu. Wa kwanza kufika mtaroni na mti begani alikuwa Munyaneza.

"Asishuke mtu! Teremsheni kutoka juu! Shemeji, njoo huku kwenye ngazi, usipite katikati!" Alilala kifudifudi juu ya ubao, koti na tai topeni, akigonga mti kando ya ngazi kwa nyundo hadi ukakaza. Wakateremsha wa pili. Nsengiyumva akapanda, Daphrose akamdaka mkono, na mguu wake ungali kwenye ngazi, ukuta wa sehemu ya katikati ukashuka kwa kishindo kama gunia la maharage. Miti miwili ya ngazini ililia, lakini ikashikilia.

Wanawake wakapasua anga kwa vigelegele. Daphrose alimpiga mdogo wake kofi, kisha akamkumbatia.

Wakwe walizungushwa kupitia uani kwa jirani, wakicheka. Miti ilibaki mtaroni, kwa hiyo turubai likashikwa kwa mikono. Zamu ya kushika pembe ya mbele ilimwangukia Munyaneza, na manyunyu yakaanza kumchuruzika ndani ya mikono ya koti. Daphrose alichukua sahani yake ya wali na nyama, akaketi mbele yake kabisa.

"Mama Uwineza, nibadilishie mtu. Mabega yanakufa."

Daphrose alitafuna taratibu, akameza.

"Mti hautoki," alisema, "mpaka harusi iishe."