Viluwiluwi vya Habuba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Ni siku niliyobeba vyura ndani ya mkebe wa samli kutoka kinamasini hadi nyumbani Kasubi, nimekandamiza kifuniko kwa kiganja, natembea kama mtu aliyeokota dhahabu. Nilidhani nimefanya la maana. Kabla jua halijatua nilikuwa nimekemewa kwa maneno ambayo mpaka leo ndiyo mizani yangu. Mimi si msomi, niliishia darasa la tano. Kuandika nimekuzoea kwa sababu kila jioni huandika lililonipata mchana, basi. Nisome polepole, na pale nilipopotoka unisamehe.

Wakati ule nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Wapo wanaozijua habari zake kuliko mimi, nami sitaki kusema nisiloliona. Niliyoyaona ni haya: sukari ilikuwa hadithi, sabuni ilikuwa sikukuu, na mtu akichelewa kurudi kwake, majirani hawakuuliza yuko wapi. Walitazama chini.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Mume wangu Opio alikuwa konstebo wa polisi, tumetoka kaskazini pamoja, na tulipanga vyumba uani kwa bibi mmoja Mnubi, mjane wa askari wa zamani za Mwingereza. Sote tulimwita Habuba, maana ndivyo Wanubi wanavyomwita nyanya. Yeye alikuwa mtu wa sala tano, sisi watu wa kanisa, na chungu kilikuwa kimoja.

Nyuma ya nyumba bustani iliteremka kuelekea kinamasi. Ndiyo iliyotulisha. Lakini mvua ikinyesha, maji ya bati yalishuka kwa hasira yakakata matuta ya kabeji, na kabeji zilizosalia wakazimaliza konokono na viwavi. Dawa ya wadudu hukuipata hata kwa magendo. Siku moja Habuba akasimama akitazama ule mfereji uliojichimba wenyewe, akasema, "Maji haya hayana ubaya, binti yangu. Hayana kiti tu. Mgeni usipompa kiti, atakaa kitandani kwako."

Ndipo tukachimba kidimbwi. Habuba alisisitiza tuchimbe mchana, na mlango wa ua uwe wazi, kila apitaye aone, kwa sababu siku zile shimo jipya uani lilikuwa neno zito, ungeulizwa unazika nini. Mtu akiuliza, tulimjibu kwa sauti: tunamchimbia bata. Bata hatukuwa naye. Upande mmoja tuliuinamisha taratibu kama kiganja, ili ndege ashuke anywe, na kila kitakachotumbukia kipate njia ya kutoka. Kisha tukaleta udongo wa kichuguu, tukaumwagia maji, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukashikana kama sakafu. Habuba alikanyaga nasi, gauni amelikunja magotini, akiimba nyimbo za harusi za Kinubi. Opio alisema hajawahi kuona mwenye nyumba anayecheza ngoma na wapangaji.

Mvua ikajaza. Tukafurahi. Halafu wakaja mbu.

Sitakuficha, walikuja kweli. Maji mapya ni kama nyumba mpya isiyo na mlango, wa kwanza kuingia ni mwizi. Nyuma ya ua wa michongoma aliishi Koplo mmoja wa jeshi na familia yake. Alikuja asubuhi, akachuchumaa, akachota maji kwa kiganja. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinajikunjakunja mkononi mwake.

"Habuba," alisema, "hii maji iko na mbu. Mtoto yangu amelala hospitali mara mbili."

"Pole, mwanangu. Anaendeleaje?"

"Iko nyumbani sasa. Lakini hii kitu mfukie."

Nataka nimtendee haki mtu huyu. Hakupiga kelele, na uchungu wake ulikuwa wa mzazi. Ningekuwa mimi, ningeruka ua nikiwa na jembe. Tena alitoa msaada. Alisema anaweza kuleta mafuta ya taa amwage juu ya maji, kwisha.

"Mafuta ya taa watu wanayalilia, wewe uyamwage kidimbwini?" Habuba akamwambia. "Utaua mbu, kweli. Na utaua wanaokuja kumla mbu."

"Nani anakuja?"

"Wako njiani."

"Mmewaandikia barua?"

"Tumewatandikia."

Koplo alitaka kucheka, akajizuia. Akasimama, akapangusa mikono. "Mwezi ukiandama, kesho yake mimi narudi. Nikikuta viluwiluwi, naleta vijana na sepetu. Tunafukia."

Kwako leo hilo linaweza kuonekana jambo la sepetu tu. Kwetu halikuwa hivyo. Opio alikuwa mtu wa kaskazini mwenye sare, na watu wa namna yake walikuwa wakipungua. Vijana wa jeshi wakishaingia uani kwako kwa sababu yoyote, hukujua watatoka na nini. Jioni ile aliniambia, "Tufukie wenyewe, yaishe." Nami nikasema tungoje. Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Pengine haukuwa ujasiri, nilikuwa nimeukanyaga ule udongo kwa miguu yangu, nikaona uchungu.

Lakini kungoja ni kazi ngumu kwa kijana. Nikawaza: vyura wanakula mbu, kinamasini vyura wamejaa, mimi ninangoja nini? Ndipo nikauchukua ule mkebe.

Habuba alinikuta ukingoni mwa kidimbwi nikiufungua. Mwanangu, natamani ungewaona. Vyura wale waliruka kila upande, kwenye kabeji, kwenye michongoma, mmoja akapita juu ya mguu wa Habuba. Hata mmoja hakuyatazama maji. Kufumba na kufumbua nilibaki na mkebe mtupu na matope usoni.

Habuba hakucheka. Aliuliza polepole, "Binti yangu, hawa umewaalika, au umewakamata?"

"Habuba, si vyura tu?"

Akanisogelea, akashusha sauti, maana kuta za siku zile zilikuwa na masikio. "Mji mzima unalia, watu wanatiwa kwenye buti za magari. Na wewe mnyonge, usiye na gari, umetafuta wa kumtia kwenye mkebe?" Akanipokonya kifuniko. "Aliyekamatwa hakai. Anangoja mlango ufunguliwe. Mtengenezee mahali, atakuja kwa miguu yake, na atakayekuja kwa miguu yake hutamfukuza hata kwa fimbo."

Nilikaa pale nikalia, na si kwa ajili ya vyura.

Kuanzia kesho yake tuliandaa. Tulipanga mawe ukingoni, yenye nafasi chini yake za kujifichia jua. Tulileta mafunjo machanga na yungiyungi kutoka kinamasini, na ndoo moja ya maji ya kule yenye tope lake, mbegu ya uhai, alivyoiita Habuba. Kazi kubwa ilikuwa kumzuia Opio asifyeke. Mtu aliyelelewa na kambi anataka uwanja uwe kama kidevu kilichonyolewa. Kila nikigeuka yuko na fyekeo.

"Nyasi hizi ni pazia la wageni," nikamwambia.

"Na nyoka je? Naye mgeni?"

Swali lake lilikuwa la haki. Tukaelewana afyeke njia tu, kando aache.

Wa kwanza kuja walikuwa kereng'ende, wekundu kama pilipili, wakigusagusa maji kwa mikia. Wakafuata wadudu wanaoogelea chali, wenye miguu kama makasia. Hakuna aliyewabeba, wao wana mbawa, na usiku waliona maji yaking'aa. Kisha jioni moja, Habuba akiwa anatawadha, chura mmoja akalia chini ya jiwe. Mmoja tu. Habuba akasimama na birika mkononi mpaka maji yote yakamwagika, ikabidi achote mengine.

Siku chache baadaye wakaja wengine, wakataga mayai. Kila asubuhi nilichuchumaa pale nikiangalia. Ndipo nilipowajua kwa sura. Mtoto wa mbu ananing'inia juu ya maji, kichwa chini, avute pumzi. Ukimshtua anajikunja kama uzi kwenye moto. Mtoto wa chura ana kichwa kama punje ya pilipili manga na mkia mmoja, naye hula majani yaliyooza. Kwa Kiswahili wote tunawaita viluwiluwi. Sikulifikiria hilo. Laiti ningelifikiria mapema, ningejiandalia jibu.

Mwezi ukaandama. Asubuhi Koplo akaja na bakuli jeupe la enameli, na nyuma yake vijana wawili wenye sepetu. Opio alikuwa kizingitini anapiga kiatu rangi, na alikipiga kiatu kile kile mpaka mambo yakaisha.

Koplo akachota. Akalileta bakuli kwenye mwanga. Akatazama.

"Naona viluwiluwi," alisema.

Kijana mmoja akashusha sepetu kutoka begani. Habuba akafungua mdomo, lakini sauti iliyosikika ilikuwa yangu.

"Afande, samahani. Ni viluwiluwi kweli. Lakini vya nani?"

"Viluwiluwi ni viluwiluwi."

"Hapana, afande. Tazama mkia. Hawa ni watoto wa chura. Wamefanana jina tu na wale wa mbu. Jina moja, mama wawili."

Mwanangu, siku zile watu walichukuliwa kwa kufanana jina. Kila aliyekuwa pale alijua, na Koplo alijua kuliko sisi sote. Sikukusudia kumgusa hapo, lilinitoka tu. Nilisikia brashi ya Opio ikisimama juu ya kiatu.

Koplo hakunitazama. Aliangalia bakuli kwa muda mrefu. Kisha akachota pembeni, akachota kati, akachota penye mafunjo. Mwisho akamwambia kijana wake, "Enda kwangu. Leta maji ya lile pipa chini ya bati."

Yalipokuja na kumiminwa bakulini, hata kipofu angeona. Yalikuwa yanachemka kwa watoto wa mbu, wakijikunja na kujikunjua. Hapa ndipo ninapomvulia kitambaa mpaka leo: angeweza kuyaficha, naye ndiye aliyeyaita. Akachuchumaa, akayamimina kidimbwini kwa mkono wake. Wale waogeleaji chali wakatokea kila upande, wakawavamia kama watu waliosikia kuna mgao wa sukari.

Koplo akacheka. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka, na vijana wake, walipoona ni ruhusa, wakacheka pia.

"Habuba, hii askari yako inalipwa na nani?"

"Wanajilipa wenyewe," Habuba akasema.

Koplo akaokota kofia, akaipangusa kwa magoti. "Vijana, msirudi na hizo sepetu bure. Mwageni lile pipa, halafu chimbeni kwangu. Huyu mama polisi atawaonyesha namna ya kuinamisha upande mmoja."

Nami nikaenda, mwanangu, nikasimama uani kwa mwanajeshi, nikaamuru, "Hapa chini zaidi, pale inueni." Wakafanya. Mvua iliyofuata vyura waliimba pande zote mbili za ua, kwa nguvu kiasi kwamba Opio alifunika kichwa kwa mto akauliza ni nani aliyesema waalikwe. Kabeji mwaka ule zilifunga vizuri, konokono tukawatafuta tusiwaone. Mtoto wa Koplo hakulazwa tena mwaka ule. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya vidimbwi, pengine ni Mungu, pengine ni lile pipa kumwagwa. Naandika nilichoona.

Sasa nasaha yangu, nayo ni fupi. Unapotaka jambo jema likae kwako, mke au mume, rafiki, watoto, hata amani ya nchi, usiende na mkebe. Tengeneza mahali, ngoja, na uvumilie mbu wa siku za mwanzo. Na ukiletewa mtu kwa jina lake tu, iwe kabila, dini au ukoo, omba bakuli jeupe umtazame kwenye mwanga kabla hujainua sepetu. Na yakikuponyoka maneno ya haki ukiwa unatetemeka, usiyarudishe. Kutetemeka hakuharibu neno.

Watu hupenda kusema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Husema hivyo kumdharau chura. Mimi nimeishi kando ya maji, nimeuona upande wa pili wa methali ile. Ng'ombe alikuja, akakanyaga, akanywa, akaondoka. Wenye bunduki wa wakati ule waliondoka, na wengine wakaja wakaondoka. Habuba tulimzika kwa heshima. Jioni hii naandika dirisha likiwa wazi, kidimbwi kiko pale pale, na chura ndiye mwenye neno.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe maji yenye kiti, na jirani mwenye kucheka makosa yake. Na wote watakaoingia kwako waje kwa miguu yao, wasitamani kuondoka.