Kuteleza kwa Dumu Bawshar

Niliishi Uswidi miaka sita, mume wangu akiwa masomoni, na miwili ya mwisho nilifanya kazi kwenye shule ya chekechea. Ndiyo maana Kiswidi changu kizuri ni cha watoto wa miaka minne. Najua kumwambia mtu avae glavu, asilambe chuma wakati wa baridi, asimtie mwenzake theluji shingoni. Tuliporudi Maskati sikudhani nitayahitaji tena maneno hayo.

Majira ya baridi yaliyopita, mchapishaji mmoja wa vitabu vya watoto, ambaye nimewahi kumfanyia tafsiri, aliniletea orodha ya maneno ya Kiswidi ya michezo ya theluji. Alitaka kila neno kwa Kiingereza cha Uingereza, cha Marekani, cha Kanada, na cha Afrika Mashariki, kwa sababu vitabu vingefika na huko. Alidhani kwa kuwa mimi ni Mswahili, safu hiyo ya nne ingekuwa rahisi kuliko zote.

Safu tatu za mwanzo zilikwenda. Kile kidau cha plastiki ambacho mtoto hukalia akavutwa kwa kamba, Mwingereza hukiita sledge, Mmarekani sled, Wakanada wengi toboggan. Safu ya nne ilibaki tupu.

Neno lililonikwamisha zaidi lilikuwa stjärtlapp. Ni kipande cha plastiki chenye mshikio, mtoto hukikalia akateleza mlimani. Ukilifasiri neno kwa neno ni kiraka cha makalio. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye meza ya kulia, na mama yangu, anayeishi nasi hapa Bawshar, alikuwa anakunywa kahawa yake. Akaniuliza nahangaika na nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akasema wao Unguja walikuwa wakikalia karara la mnazi, lile ganda gumu linalofunika maua yake.

Aliyekuwa akimmiminia kahawa ni msichana wa Uganda anayemtunza, maana magoti ya mama hayana nguvu. Alikuwa na miezi minane kwetu. Kazi yake nzuri, maneno yake machache. Kila nilipomuuliza habari za kwao alijibu, "Wazima, madamu," akaondoka. Sikumlazimisha. Si kila mtu anapenda kumwekea mwajiri wake nyumba yao mezani.

Siku ile hakuondoka. Alisimama na birika mkononi.

"Sisi kwetu ni jerikeni," alisema.

Mama hakulijua neno hilo. Msichana akamwelekeza kwa mkono jikoni: lile la mafuta ya kupikia. Mama akasema basi hilo ni dumu. Msichana akatueleza kwamba kwao ni milimani, mvua ikinyesha majani huteleza, na watoto hulipasua jerikeni katikati, wakalikalia na kushuka. Shuleni, kwa Kiingereza, waliita jerrycan sliding. Niliandika palepale.

Mama hakuridhika. Alitaka kuona. Ijumaa asubuhi tukaenda kwenye vilima vya mchanga vya hapahapa Bawshar, mama kiti cha mbele, dumu lililopasuliwa nyuma. Msichana alipanda juu, akakaa, akajisukuma. Dumu halikusogea. Likazama tu. Akasema kwa aibu kwamba kwao kuna mvua.

Nikakumbuka kina baba wa Uswidi walivyokuwa wakisugua mshumaa chini ya vyombo vya watoto wao. Tukarudi nyumbani kuchukua mshumaa, mama akinung'unika kwamba tunampotezea asubuhi, lakini alikataa katakata kushushwa. Tuliporudi tulisugua mpaka mshumaa ukawa kipande. Safari hii dumu lilishuka, polepole kwanza, kisha kwa kasi, na msichana akaangukia ubavu huko chini, mchanga mpaka masikioni. Alikaa hapo akicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alipanda tena mara nne, nami mara moja. Mama akateremsha kioo cha gari akasema, "Mkivunjika, mimi simpikii mtu."

Nilituma orodha na maelezo marefu kuhusu dumu. Baada ya wiki mhariri wa yule mchapishaji akajibu kwa upole. Alilipenda, lakini hawezi kuliweka kwenye kitabu cha watoto, kwani plastiki iliyokatwa ina makali. Akaomba tuandike slider tu, yaani kitelezi. Niliona uchungu, na nilichelewa siku mbili kumwambia msichana.

Nilipomwambia hakukasirika.

"Amesema kweli," alijibu. "Lilimkata kaka yangu pajani. Ana kovu mpaka leo."

Ndiyo mara ya kwanza nasikia ana kaka. Nikaandika slider, nikaituma orodha.

Jioni hiyo, baada ya sala ya alasiri, nilimkuta ukumbini ameketi karibu na mama, simu katikati yao, kaka yake upande wa pili. Kaka huyo hajui Kiswahili, na mama hajui Kiingereza wala lugha yao. Mama alikuwa akiuliza jeraha lile lilishonwa au liliachwa lipone lenyewe, na nani alimuuguza. Msichana alikuwa akigeuza maneno huku na huku, taratibu, akisimama kidogo kutafuta neno. Nilipita nikaenda jikoni kuwatilia chai.