Makopo Mawili ya Evaresta

Asubuhi ile haikuwa na jambo. Evaresta aliamka, akakoka moto, akateleka chai. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Mumewe, Melkizedeki, alichukua kopo la maharage rafuni ili aloweke ya mchana. Mkewe akamwahi. Akamnyang'anya kopo, akamwambia neno, wakacheka wote wawili. Akalirudisha rafuni kando ya kopo dogo, akajifunga kanga ya pili, akaenda kwenye biashara yake sokoni Kwa Mrombo.

Saa tano wakaja kumwita Melkizedeki. Presha, walisema. Alipofika, walikuwa wamemlaza juu ya magunia yake mwenyewe, na mtu alikuwa amekwisha kumfunika.

Evaresta alikuwa mtu wa kupanga mizigo. Alipoletwa bibi harusi kutoka Kibosho, Melkizedeki alikuwa akivuta mkokoteni Ngarenaro. Siku moja alimkuta mumewe njiani, jasho linamtiririka, mikono ya mkokoteni imemkandamiza mpaka magoti yanakunjika.

"Nani kakupangia mzigo huu?"

"Mimi mwenyewe."

"Inaonekana."

Akashusha nusu ya magunia palepale barabarani, akayapanga upya juu ya ekseli, pale katikati ya magurudumu. "Haya, shika." Melkizedeki akashika. Ulikuwa mwepesi kama mkono wa mtu unayetembea naye. Tangu siku hiyo mpaka magoti yake yalipokataa kazi, hakuna mwingine aliyempangia mzigo.

Zikaja enzi za ruksa, biashara ikawa huru. Evaresta akanunua mizani ya sahani mbili, akaanza kuuza maharage. Mitumba ikafurika sokoni, mpaka midoli ikawa inakuja kwa belo. Ndani ya belo moja jirani yake, Paskalina, alikuta gari la rimoti, yale ya mashindano, magurudumu yako nje kama miguu ya panzi, na linasukumwa na ya nyuma tu. Lilikuwa bovu. Akampa Evaresta, kama mzaha. Evaresta akalipeleka kwa Ludovick, fundi redio, likafufuka.

Jumapili baada ya misa, mafundi wa gereji walishindanisha magari ya namna hiyo kwenye uwanja wa vumbi kule Daraja Mbili. Evaresta akaenda na lake. Kona ya kwanza tu likazunguka, mkia ukaja mbele.

"Mama, linatafuta njia ya kurudi sokoni!" Solomoni, fundi wa gereji, alipiga kelele.

"Liache lizoee, Solomoni. Hata wewe ulianza kwa kutambaa."

Watu wakacheka. Lakini nyumbani hakucheka. Aliweka magurudumu ya nyuma kwenye sahani moja ya mizani, ya mbele akayapandisha juu ya tofali, kisha akamimina maharage kwenye sahani ya pili mpaka zikalingana. Halafu akaligeuza, akapima mbele. Nyuma pakiwa pepesi, magurudumu yanachimba vumbi bure na gari linazunguka. Pakizidi uzito, pua inanyanyuka, unakata usukani lakini lenyewe linakwenda moja kwa moja majanini.

"Ni mkokoteni tu huu," alimwambia mumewe, "ila mvutaji yuko nyuma."

Ilichukua miezi. Halafu Jumapili moja akamshinda Solomoni, na Solomoni akaja kumwinamia mbele ya watu wote: "Shikamoo, Mama Maharage."

Kwao, nguo za marehemu hufuliwa kabla ya kugawanywa. Msiba ulipokwisha, wanawake walifua kanga na magauni. Gari hakuna aliyeligusa. Melkizedeki akasema hilo ataliosha yeye. Tumboni mwa gari akakuta madonge matatu ya lami. Akadhani ni uchafu wa barabarani. Akayabandua kwa kisu, akapangusa kwa mafuta ya taa mpaka likang'aa, madonge akayatupa kwenye shimo la taka. Siku hiyo alilala vizuri kidogo. Alikuwa amemfanyia kitu.

Baada ya arobaini, Ludovick akaja. "Mzee, tulikimbize mara moja. Kwa ajili ya Mama."

Wakalijaribu uani. Likazunguka. Wakarudia, likazunguka tena. Ludovick akaliinua, akatazama chini.

"Mzee, risasi ziko wapi?"

"Risasi gani?"

"Vile vipande vya madini ya risasi alivyoomba kwa mafundi matairi. Alivifunika kwa lami, akavibandika mwenyewe ili uzito wa mbele na nyuma ukae sawa."

Melkizedeki alikaa chini. Miaka thelathini mkewe alimpangia mzigo. Yeye mzigo wa mkewe kaupakua kwa asubuhi moja, akauita uchafu.

Alichimbua shimo la taka kwa mikono. Akayapata yote matatu. Lakini yalikaa wapi? Ludovick hakujua, Evaresta hakuwahi kumwonyesha mtu. Na Melkizedeki alitaka kitu kimoja tu: gari lipite ile kona mara moja tu, kama lilivyopita mikononi mwa mkewe.

Ndipo akatazama rafuni.

Wakati wa msiba wapishi waliyataka yale maharage ya makopo mawili, akawakatalia. Hakuwa na sababu nyingine, ila kwamba mkewe alikataa.

Akashusha mizani. Akamimina kopo kubwa kwenye sahani moja, upande wa pili akaweka magurudumu ya nyuma. Akabandika madonge yote matatu mkiani: mkia ukashinda. Moja akalipeleka puani. Bado mkia. Akasogeza betri mbele upana wa kidole. Sahani ikapanda taratibu, ikatetemeka, ikasimama. Alipoyarudisha maharage koponi, punje moja ikamponyoka. Akaitafuta chini ya benchi kwa magoti yake mabovu, akairudisha koponi pamoja na wenzake. Kisha kopo dogo, na magurudumu ya mbele. Sahani zikalingana.

Akakaa nazo, hataki kuzigusa.

Jumapili, kule Daraja Mbili, Ludovick alishika rimoti. Gari lilifika kwenye kona, mkia ukayumba kidogo, kama ulivyokuwa ukiyumba kwa Evaresta, kisha likajiweka sawa, likapita. Melkizedeki aliona vumbi tu baada ya hapo, maana macho yalikuwa yamejaa.

Solomoni alivua kofia. Safari hii hakutania.

"Mzee, vipimo vyake alikupa nani?"

Melkizedeki akamweleza asubuhi ile ya mwisho, yeye akiwa na kopo mkononi, na neno ambalo Evaresta alimwambia:

"Hayo usipike, Baba Romanus. Hayo ndiyo gari lenyewe. Lile jingine ni plastiki tu."