Kibuyu Kilichobaki Mlangoni

Siku moja siisahau, mwanangu, na kila bati la nyumba yako linapoanza kulia mchana, ta, ta, ta, kwa kuchemka na jua, siku hiyo inanirudia. Wewe unaniambia, "Bibi, ni joto tu, litapita." Keti nikueleze. Lakini kwanza fungua hilo dirisha, maana na hilo tumbo lako unavuja jasho mpaka naona huruma.

Nchi ilikuwa bado Tanganyika, uhuru hatujauona. Nilikuwa nimeolewa hapa Idodi, nikitokea kwetu Dabaga, huko juu ambako mtu anatoka asubuhi na blanketi mabegani. Joto sikulijua. Babu yako alikuwa seremala mjini Iringa, na kila akipanda lori kurudi nyumbani alikuja na mabati mawili matatu, mpaka yakatosha kuezeka nyumba. Ikawa ya kwanza ya bati upande wetu wa kijiji. Watu walikuja kuitazama kama bibi harusi. Haikuwa na dari, na madirisha yake yalikuwa madogo kama sinia, kwa kuwa alisema madirisha makubwa yanaita wezi. Nami nilijivuna, nisikudanganye. Mke wa nyumba ya bati!

Ng'ambo ya uwanja palikuwa na tembe la wazee, nyumba ndefu ya udongo, paa lake bapa la miti na nyasi, juu yake pameshindiliwa udongo mnene. Ndani kulikuwa kiza, na ubaridi wake ulikuwa kama wa mtungini. Babu yako aliliona la kizamani. Humo waliishi baba mkwe, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumvimba, na mama mkwe.

Sasa sikiliza, maana ninyi wa leo hamyajui haya. Ukoo ule ulishika sana heshima ya mkwe. Mimi na baba mkwe hatukutazamana usoni wala kukaa chini ya paa moja. Jina lake nilikatazwa kulitamka. Nikimpelekea chakula au maji, naweka mlangoni, nakohoa, naondoka. Nikishageuka ndipo anachukua. Nilimjua mzee yule kwa sauti yake na visigino vyake tu.

Baba yako alizaliwa mwezi wa kumi na moja, mvua imegoma kabisa. Mto ulibaki mchanga mtupu. Mzazi wa siku zile alifungiwa ndani, moto ukawashwa, blanketi juu, mlango umerudishwa, mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Ndani ya tembe desturi hiyo haikuwa na neno. Chini ya bati ilikuwa ni kupikwa. Mtoto alilia mchana kutwa, kisha sauti ikaanza kupungua. Titi akalikataa. Vitambaa vyake vilikuwa vikavu tangu asubuhi, na utosi umebonyea. Mama mkwe alimtazama, akamwaga maji kwenye moto. Hapo nikaogopa kweli, kwa sababu yule mama hakuwa mtu wa kuacha desturi.

Tembe lilikuwa pale pale, limepoa, na mimi siwezi kuingia kwa kuwa mzee yumo.

Ni yeye aliyekata shauri. Nilisikia fimbo yake ikivuka uwanja, halafu sauti yake nje ya ukuta. Alikuwa akizungumza na mkewe, lakini maneno yalikuwa yangu.

"Mwambie mama mtoto ahamie kwetu. Mimi nakuja huku."

"Huku kunaunguza, mzee. Na hiyo miguu yako?"

"Anayelia ni mtoto. Mimi umenisikia nalia?"

Tulipishana uwanjani, mimi nimejifunika kanga usoni, yeye amegeukia upande wa mto. Ndani ya tembe mtoto alilala kifuani kwangu kama kitambaa kilicholoa. Kabla jua halijazama akalitafuta titi, akalishika. Nililia kwa furaha, mwanangu. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na mzee. Majirani walimsifu sana kwa moyo ule. Wote tulisifu, na hakuna aliyekwenda kuona analalaje.

Mchana mmoja baada ya hapo, mama mkwe alikuwa anakwenda mtoni kufukua mchanga apate maji. Wanawake walikuwa wengi na kisima kinatoa kidogo kidogo, kwa hiyo alijua atakawia. Akaniambia, "Baba naye mpelekee maji." Nikajaza kibuyu, nikavuka uwanja ardhi ikinichoma nyayo, nikakiweka mlangoni, nikakohoa, nikarudi kwenye tembe. Nikaketi mlangoni na mtoto, natazama.

Kibuyu hakikuguswa. Nikarudi, nikakohoa tena, kwa nguvu, kama mgonjwa wa kifua. Kimya. Bati linalia. Kuku wamejibana ukutani midomo wazi. Nikasema moyoni labda amelala. Nikawaza kumwita mwanamume, lakini wote walikuwa mbali na ng'ombe wakitafuta majani. Nikawaza kwamba nikiingia mzee atafedheheka, na ukoo utasema mwanamke wa Dabaga hana adabu. Niliwaza yote hayo, mwanangu, na kibuyu kiko pale pale.

Mwisho nikamlaza mtoto, nikaingia.

Hewa ya ndani ilinikaba. Mzee alikuwa juu ya kitanda cha kamba, ngozi kavu inaunguza, hata jasho halitoki tena, anazungumza na watu ambao hawapo. Nikamwinua kichwa. Akafumbua macho, akanitambua. Unajua alifanya nini? Alivuta ncha ya shuka akajifunika uso. Anakufa, na bado ananiheshimu. Nikapitisha kibuyu chini ya shuka, maji mengi yakamwagikia shingoni. Nikalowesha kanga yangu nikamtandikia kifuani, nikapiga kelele mpaka wanawake wa jirani wakaja. Tukambeba nje, kivulini kwa ukuta wa tembe. Hospitali ya misheni ilikuwa Tosamaganga, safari ndefu hata kwa mtu mzima wa afya. Hatukufika popote. Jioni alikata roho.

Mama mkwe alitukuta uwanjani, mtungi kichwani. Akaiona kanga yangu juu ya kifua cha mume wake.

"Uliingia?"

"Niliingia, mama."

Nikangoja matusi. Akautua mtungi polepole, asimwage hata tone, akasema, "Ungeingia mapema, mwanangu."

Basi. Hakulirudia tena mpaka anaingia kaburini. Angenipiga ningemsahau zamani.

Sisemi mimi nilimwua. Mzigo huo nimeukataa, na nimezeeka nikiukataa. Kila mmoja wetu alikuwa akifanya vizuri kile alichofundishwa. Mume alileta bati, mama aliwasha moto, mzee alitoka, mimi nilikohoa. Lakini nakasirika mpaka leo, kwa sababu tembe lile lilikuwa na vyumba zaidi ya kimoja. Pazia la kanga lingetosha. Watu wazima wote wale, hakuna aliyefikiria pazia!

Babu yako alipofika kutoka mjini alikuta kaburi. Kesho yake akapanda juu ya nyumba. Tulidhani anang'oa bati. Kumbe alikuwa analifunika kwa nyasi, fungu juu ya fungu. Watu wakamcheka, nyumba ya bati imevaa kofia. Akabomoa na madirisha, akayapanua. Nyumba ikapoa, kwa kazi ya siku chache tu, na hilo ndilo lililommaliza. Hakujivunia kitu tena maisha yake yote.

Basi nakuusia, mwanangu. Mwambie mumeo aweke dari kabla hajanunua makochi, na kama hela hamna, nyasi zipo, wacha wacheke. Jiko lako la mkaa litoe nje mchana. Ukishajifungua usikubali mtu akufungie mlango, hata awe mimi. Mtoto ukimwona vitambaa vikavu na utosi umebonyea, usingoje kesho. Lakini zaidi ya yote waangalie wasiolia. Mtoto atapiga kelele, mbuzi atapiga kelele. Mzee atakwambia hajambo, kwa kuwa hataki kukusumbua. Usimwekee maji mlangoni ukaondoka. Ingia, mshike ngozi, mwone akinywa. Heshima ikikuzuia kuingia, ivue mlangoni pamoja na viatu, utaivaa ukitoka.

Baba yako alipewa jina la mzee, na kwa mwiko ule sikuweza kumwita mwanangu mwenyewe kwa jina lake. Ndiyo maana umekua ukinisikia namwita "Baba" tu, ukadhani ni mapenzi. Ni mapenzi pia.

Mungu akufungue salama. Akupe mvua kwa wakati wake, na nyumba ambayo mzee na mtoto watalala chini ya paa moja. Na huyo akiwa wa kiume, naomba jina liendelee. Mwite Chavala.

Ndiyo, nimelitamka. Mzee Chavala, mkweo ni mimi. Maji haya hapa. Safari hii nimeingia nayo ndani.